Ng'ombe Ambaye Baba Hakumpoteza

Enzi zetu mtu hakupanda baiskeli bila sababu. Ukiona baiskeli inapita kwenye barabara ya chai, ulijua kuna mgonjwa, kuna barua, kuna posa, au kuna mtu amekufa. Vijana wanaopita hapa kwangu Jumamosi, wamevaa kaptura za kubana na kofia kama nusu ya tikiti maji, hawawezi kuamini jambo hilo. Nikiwauliza wanaenda wapi wanajibu, "Tunapiga raundi tu, shosho." Simu inawaambia wakate kulia, nao wanakata kulia. Wakifika kwenye kona nzuri wanashuka, wanaipa chai mgongo, halafu wanajipiga picha.

Baba yangu alipiga raundi kabla yao, miaka ya hamsini, na ilimtoa jasho.

Alikuwa mwalimu wa shule ya kanisa, ukingoni mwa mashamba makubwa ya chai upande wa Kericho. Baiskeli yake ilikuwa nyeusi, nzito kama ndama, yenye keria pana na kengele iliyosikika mpaka ng'ambo ya bonde. Sisi watoto tulijifunza kuiendesha kwa kupitisha mguu mmoja katikati ya fremu, maana kiti hatukukifikia, tukaenda tumepinda kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Kogo, mama yake baba, alisema msichana hapandi kitu chenye magurudumu. Kwa hiyo mimi niliendesha nyuma ya ghala la mahindi, mahali ambapo macho yake hayakufika. Kovu la pedeli bado liko kwenye goti langu.

Sasa, kulikuwa na meneja mmoja Mzungu wa shamba la chai, naye aliporudi kwao alimwachia baba kitabu. Kilikuwa kitabu cha njia za baiskeli za mashambani Uingereza, chenye ramani ndogo ndogo na maelezo: panda taratibu, kata kushoto penye kanisa la mawe, pumzika darajani, kunywa chai kijijini. Jioni baba alitusomea huku akitafsiri. Picha zenyewe hazikutushangaza, kwa sababu vile vilima vya mviringo na kijani chake vilifanana na vyetu. Kilichotushangaza ni kwamba mwisho wa njia hapakuwa na mtu anayewangoja hao wapanda baiskeli. Walizunguka, wakarudi walikotoka. Mama aliuliza kama watu hao hawana mifugo.

Likizo ya Desemba baba akachukua daftari, akaandika njia yake mwenyewe. Kutoka shuleni, fuata chai mpaka Kimulot. Vuka mto Kipsonoi. Lala Bomet. Kesho yake endelea mpaka Sigor, kule Chepalungu, ambako hakuwahi kukanyaga. Alinichukua mimi kwa sababu nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa mwepesi. Mama alitufungia ugali wa baridi, mahindi ya kuchoma na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando yenye masizi ya mti, kisha akasimama mlangoni akitutazama.

Nilikaa kwenye keria juu ya gunia lililokunjwa, miguu nimeitanua isiingie kwenye spoki. Kulikuwa na ukungu, na harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani ilitufuata. Wachumaji wenye vikapu mgongoni walisimama kututazama. Baba alisoma daftari lake kwa sauti kama kile kitabu, "Panda taratibu," halafu akashuka, tukasukuma. Sijawahi kuwa na furaha kama ile asubuhi, na nimeishi miaka mingi.

Kilima cha kwanza, mama mmoja mwenye mzigo wa kuni akatusimamisha.

"Mwalimu, nani amekufa?"

"Hakuna."

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna, mama. Tunatembea tu."

Akashika mdomo. Kilima cha pili waliuliza hivyo hivyo. Kilima cha tatu hawakuuliza tena, walinitazama mimi kwa huruma, kwa sababu habari ilikuwa imetutangulia kwamba Mwalimu amekosana na mkewe, au kichwa chake hakiko sawa. Tulipofika Kimulot, karibu na msitu wa Mau, mama mmoja aliyeitwa Kobot Chebet alituita, akatupa uji. Mume wake akavuta kigoda karibu.

"Mwalimu," akasema pole pole, "tuambie tu. Unatafuta nini?"

Baba alikuwa amechoka. Akasema, "Ng'ombe."

Na kwa kuwa mwalimu hajui kujibu nusu, akaongeza kwamba ni mtamba, mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji la uso.

Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Wote walicheka kwa nafuu. Kumbe ni ng'ombe, kwa nini hakusema mapema? Kobot Chebet akawaita wanawe wawili pale pale, akawatuma msituni wakamtafute. Baba alifungua mdomo, kisha akaufunga. Wale vijana walikuwa tayari wanakimbia.

Darasani kwake kulikuwa na methali ameiandika juu ya ubao: njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilitoka Kimulot ikavuka Kipsonoi, ikalala Bomet, ikaendelea. Kila boma walituuliza kama tumempata, wakatupa maziwa, wakatuma mtu aende mbele na habari. Baba aliacha kusoma daftari lake. Mimi nilifurahia maziwa, na kufikia siku ya pili nilikuwa naanza kuamini kwamba kweli tuna mtamba mwekundu.

Sigor tulifika saa sita. Watu wapatao arobaini walikuwa wamesimama wakitungoja, na katikati yao mzee mmoja, arap Tonui, alikuwa na mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso.

Mtamba huyo alikuwa ameingia kwenye kundi la mzee tangu mvua. Mzee alimlisha, akamtoa kupe, akamngojea mwenyewe aje. Sasa mwenyewe amekuja na baiskeli. Lakini mzee hakuwa mjinga. Kwetu ng'ombe hukatwa sikio kwa alama ya ukoo, na mwenye ng'ombe huijua alama yake hata akiwa usingizini. Arap Tonui akayafunika masikio yote mawili kwa viganja vyake.

"Mwalimu, sema alama, uende naye."

Niliona hatari yenyewe ingawa nilikuwa mtoto. Akikosea, watu wote hao watajua kwamba Mwalimu, anayefundisha neno la Mungu, ni mwongo. Akipatia, amechukua ng'ombe wa mtu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mzee, na kati ya vidole vyake niliona sikio la kushoto limepasuliwa nchani, pacha mbili kama mkia wa mbayuwayu. Nilimpenda baba yangu. Nikashika sikio langu la kushoto, nikalivuta, nikalipasua hewani kwa kidole.

Baba aliniona. Uso wake ukabadilika.

"Mzee," akasema, "huyu si wangu. Mimi sijapoteza ng'ombe. Nilitoka kutembea tu, kuona nchi, nikaona haya kusema."

Hakuna aliyecheka. Arap Tonui hakuondoa mikono kwenye yale masikio.

"Umetoka Kericho?"

"Ndiyo, mzee."

"Kutembea? Na mtoto?"

"Ndiyo."

"Na nchi umeionaje?"

"Ni nzuri, mzee."

Mzee akafikiri. "Hiyo ni sababu," akasema. "Ungesema tu. Lakini wale waliokutafutia, utawaambia wewe mwenyewe."

Basi tulirudi. Kwenda kulichukua siku mbili, kurudi kukachukua nne, kwa sababu baba alishuka kwenye kila boma, akavua kofia, akasema maneno yale yale. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Wengine walimtazama tu. Kimulot wale vijana wawili walikuwa ndio kwanza wamerudi kutoka msituni, miguu imechanwa na miiba. Kobot Chebet alimsikiliza baba mpaka mwisho.

"Walitafuta siku tano, Mwalimu," akasema.

Kisha akaenda jikoni akatuletea uji. Baba alishindwa kuunywa. Niliona aibu siku ile, na hata sasa ninapoandika naiona.

Karibu na nyumbani cheni ilitoka. Baba akachuchumaa kuirudisha, vidole vyeusi kwa girisi, akasema bila kuniangalia, "Lile sikio. Usinisaidie tena namna ile." Hakulitaja tena mpaka tukamzika. Kule Konoin, upande wa Kimulot, waliendelea kumwita Mwenye Ng'ombe, naye aliitika.

Mwaka jana mjukuu wangu alinipitisha njia ile ile kwa gari. Ni lami sasa, na chai imefika mpaka milangoni mwa watu. Ni kuzuri, siwezi kusema uongo. Nilimwomba asimame hapa na pale, nikashuka na fimbo yangu, nikasimama kando ya barabara kama mtu aliyepotea. Watu walipita. Walinisalimia vizuri, wakaendelea na simu zao. Hakuna aliyeniuliza nani amekufa.

Sigor tuliingia kwenye duka dogo. Msichana wa dukani akauliza tunataka soda baridi ama ya moto. Nikamwambia tunatafuta mtamba mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, sikio la kushoto limepasuliwa. Nilingoja.

Akatabasamu kwa adabu, akamgeukia mjukuu wangu, akauliza tena, baridi ama moto.