Mfunga Njia

Nilipokuwa mtoto pale Kitahana niliitwa mfunga njia. Jina nilipewa na shangazi, dada mkubwa wa baba, mkunga wa kujipachika asiyekosa jibu la jambo lolote. Mimi ndiye kifungua mimba. Baada yangu mama alizaa watoto wawili, wote wakaja manjano, wakafa kabla ya wiki kwisha. Shangazi akasema nimeziba njia nyuma yangu kwa choyo.

Mwaka 2013 mama alishika mimba tena. Dawa ya shangazi ilikuwa hivi: kila asubuhi kabla ya shule ninawe maji ya majani aliyoyajua yeye, nimpake mama tumboni, niseme, "Nakuachia, pita." Nilikuwa na miaka tisa. Nilisema kwa moyo wangu wote, maana nilimtaka mdogo wangu kuliko kitu chochote. Baba alikaa mlangoni akichokonoa meno. Huyo naye!

Mtoto alizaliwa manjano kama wenzake. Safari hii mama hakumsikiliza mtu, akambeba mpaka hospitalini Kibondo. Mtoto alifariki siku ya pili. Shangazi alitufuata huko na hukumu yake tayari: "Huyu alisema kwa mdomo tu."

Nesi, mgeni kutoka Singida, alikuwa ametupima damu mama na mimi. Akaeleza taratibu kwamba kundi la damu la mama ni hasi, langu chanya kama la baba. Siku ya kunizaa damu zilichanganyika kidogo, mwili wa mama ukajifunza kuipiga vita damu ya namna yangu, na walionifuata wakaumizwa tumboni. Kuna sindano ya kuzuia, huchomwa ndani ya siku tatu baada ya kujifungua.

"Huyu wa kwanza ulimzalia wapi?" akauliza.

Mama akamtazama shangazi. Nilizaliwa jikoni kwake, kwa kuwa hospitali, alikuwa akisema, ni ya wanawake wavivu.

Shangazi akajifunga kanga upya, akasema nesi mwenyewe hajazaa.

Leo mimi ni mama. Ni kweli njia ilifungwa kwa damu yangu, kwa hiyo shangazi alipatia nusu, na nusu hiyo anajivunia misibani hadi leo. Namwamkia, namchagulia nyama laini, adabu asiyostahili. Nikiwa na miaka tisa niliomba radhi kila asubuhi kwa kosa nisilolijua. Yeye la kwake analijua, na hajaomba hata siku moja.