Vidani vya Wanyama Wangu

Picha ya kwanza niliyochora maishani mwangu ilichinjwa wino ukiwa bado mbichi. Sitii chumvi. Nilimchora mama akikuna nazi, amekaa juu ya mbuzi yake ya kukunia, kanga imemshuka begani, ulimi ameutoa kidogo pembeni kama alivyozoea akizama kazini. Baba akapita, akaiona, akasimama. Hakunipiga wala hakunifokea. Alikuwa mwalimu wa chuo, nusu ya watoto wa Kivinje walisoma Kurani barazani kwetu, na kufoka alikumaliza huko nje. Alichukua kalamu mkononi mwangu, akapitisha mstari mmoja shingoni mwa mama, upande huu mpaka huu, kisha akanirudishia.

"Sasa hana roho," akasema. "Sasa hapana ubaya."

Mama akataka kuona. Tulipomwonyesha alicheka mpaka akashika mbavu. "Umenichinja, mwalimu, na nazi sijaimaliza!"

Desturi yetu ilikuwa hiyo. Anayechora kiumbe chenye roho ataambiwa siku ya kiama akitie uhai, naye hataweza. Lakini picha ikikatwa shingo si kiumbe tena, ni alama tu juu ya karatasi. Baba hakulibuni jambo hilo, alilikuta kwa walimu wake, na aliona ananihurumia, maana wengine wangechana karatasi na kuvunja kalamu. Mimi huruma hiyo sikuiona. Nilichora kuku wetu, akachinjwa. Nilichora paka wa jirani, akachinjwa. Nilichora punda wa muuza maji, nikajitahidi mpaka masikio yake yakakaa sawasawa, na baba akaja nyuma yangu na mstari wake, tena kwa upole, tena akiniombea dua. Nilitaka kitu kimoja tu: nichore kiumbe mmoja, atoke mkononi mwangu mzima na aachwe mzima. Nilikuwa msichana mdogo, lakini jambo hilo lilinikaa kooni, na sijui siku liliyoondoka.

Basi nikaanza ukorofi. Nikachora viumbe wasio na shingo. Kuku ambaye macho na mdomo viko kifuani. Samaki mwenye miguu ya mtoto. Mkoko wenye macho kwenye mizizi, unaotembea matopeni maji yakipwa. Mzee ambaye ni kichwa kitupu na mikono miwili, naye anatembelea mikono. Baba alikuja na kalamu yake, akaigeuza karatasi huku na huku.

"Huyu shingo yake iko wapi?"

"Hana, baba."

"Kiumbe gani hana shingo?"

"Wa nchi ya mbali."

"Astaghfirullahi," akasema, akaondoka bila kukata kitu. Nilifurahi siku ile hata wali sikuumaliza. Ndiyo iliyonitia katika kazi ya kutunga, kwa sababu kiumbe asiye na shingo huwezi kumwacha hivi hivi. Watu watauliza anakula vipi, anameza vipi, akitaka kutazama nyuma anafanyaje. Nikawa namtungia kila mmoja habari zake, na habari zikawa nchi.

Mama alifariki kwa homa kabla sijaolewa. Niliolewa Mchinga na mfanyabiashara wa nazi, nikaachika, nikarudi Kivinje kwa baba na sanduku langu. Sitayaeleza hayo, hayana ladha. Mwanamke aliyerudi kwa baba yake siku zile za Mwingereza alikuwa na mlango mmoja wa kutokea, nao ni harusi za watu. Mimi nilijua kuchora piko. Nikawa naitwa kwenye nyumba za maharusi, Kivinje, hata Tingi, nimejifunika gubigubi, nachora maua na majani kwenye mikono na miguu ya mabibi harusi kwa ujiti wa chelewa. Maua hayana roho, baba hakuwa na neno.

Sasa, piko lina shida moja. Likichorwa, bibi harusi lazima atulie mpaka likauke, na bibi harusi gani anatulia? Huyu analia, huyu anawashwa pua, huyu anataka kuchungulia. Nikawa nawasimulia habari za ile nchi yangu. Wakituliza mikono naendelea, wakiitikisa nanyamaza. Wallahi hakuna dawa kama hiyo. Mashangazi walisogeza mikeka karibu, na pilau liliwahi kuungua Tingi kwa sababu ya yule mzee wa kutembelea mikono.

Mjomba wa bibi harusi mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya serikali Lindi. Alisikiliza akiwa nje ya dirisha, na nilipotoka akanisimamisha. "Dada, haya unayoyasema yameandikwa?" Nikamwambia yameandikwa kichwani. Akaniletea karatasi. Nikaandika, yeye akayapeleka kwenye ofisi ya vitabu Dar es Salaam, na baada ya muda mrefu, nilipokwisha kukata tamaa, ikaja barua ya kusema hadithi imewapendeza, waletewe na picha. Pamoja nayo zilikuja chupa za wino mweusi. Barua iliniita Bwana. Nikamwuliza yule mwalimu kama tuwasahihishe.

"Waache," akasema. "Wakijua u mwanamke watakutaka uandike mapishi."

Baba aliushika ule wino, akaunusa, akasomewa maelezo kwamba ukikauka hautoki kwa maji. Wino wake wa chuo ulikuwa wa masizi, mwanafunzi akikosea anaulowesha ubao na kuanza upya. "Wino usiofutika wa nini?" akaniuliza. "Mtu akikosea?"

Nilichora viumbe wangu wasio na shingo nikawapeleka. Majibu yakarudi, na hapo ndipo waliponifunga kamba. Ofisi ilisema kwa heshima nyingi kwamba viumbe hao watawatisha watoto wa shule, na tena hawatambulikani. Tafadhali Bwana awachore kama wanyama wa kawaida, wenye shingo, wanaozungumza.

Wenye shingo! Nilikaa na barua ile siku nzima. Nilikuwa nimejenga nchi nzima kwa ajili ya kukwepa shingo. Nikamwendea baba, nikamweleza. Hakukataa, na mpaka leo ningependa angekataa, ningepata mtu wa kumnunia. Alifikiri, akasema, "Chora, mwanangu. Hadithi zako ni nzuri, watoto watasoma. Lakini kila shingo uikate mwenyewe, kwa mkono wako. Mimi nimezeeka kukufuata nyuma."

Nikakubali. Ningefanya nini? Nilitaka kitabu. Nilichora sungura, chui, kanga na tumbili wa kwenye mikoko, nikawachora kwa roho yangu yote, na kila nilipomaliza mmoja nikamkata. Wale wa mwanzo niliwakata nimegeuza uso. Wale wa mwisho niliwakata huku nikiwaza chakula cha usiku.

Kitabu kilipofika, mwalimu wa shule alikileta mwenyewe kutoka Lindi. Nilikifungua nikiwa nimesimama, nikakaa chini. Picha zilikuwa zimetoka vizuri, weusi umekolea. Ila kila mstari wa shingoni ulikuwa umeongezwa mwingine chini yake, na katikati pametiwa vinukta. Ofisi ilikuwa imeandika kwamba vile vidani vya wanyama vimewafurahisha mno, wakaona wavikamilishe. Vidani! Walidhani nimewavalisha chui na tumbili vidani vya dhahabu kama mabibi harusi.

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikacheka tena mpaka mwalimu wa shule akaniuliza kama aniitie mtu. Baba alikitazama kitabu kurasa zote, akisogeza kidole shingo hadi shingo. "Wamekatwa," akasema, ameridhika. "Tena mara mbili."

Watoto wakavipenda vidani. Lo! Huwezi kuwalaumu. Walimu waliandika kutoka Lindi, kutoka Kikole, kuuliza wanyama walivipata wapi. Ofisi ikataka kitabu cha pili, na safari hii vidani viwe ndiyo habari yenyewe. Nikatunga ya mfalme aliyemvisha kidani kila mnyama aliyesema kweli. Uongo mtupu. Nilijua walivyovipata. Wakataka cha tatu. Mara moja nilipeleka picha ya sungura mpya, nikauchora mstari mwembamba mno, karibu usionekane, nikitumaini wataupita. Ikarudi na maneno pembeni: Bwana amesahau kidani.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtunzi na mchoraji wa vitabu. Watu husikia wakadhani ni maisha ya kupaa. Mimi naijua meza ilipokuwa, chini ya dirisha la uani lenye nondo, na naujua ukuta wa jirani uliokuwa mbele yake, kila ufa. Nyumbani nisipokata ni dhambi, Dar es Salaam nisipokata ni kosa la kazi. Na mimi katikati, mikono imejaa wino usiotoka, nikiitwa Bwana na watu ambao hawajaniona. Nilichoka. Nilikuwa mkali siku zile, nilimfokea hata muuza samaki asiye na kosa. Niliwahi kujifungia nikachora sungura bila mstari, siri yangu mwenyewe. Nikamwangalia, nikaona kama amevuliwa nguo hadharani. Nikamkata haraka ndipo nikapumua. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote.

Baba alishikwa na kifua mwaka ule wa mvua nyingi. Wanafunzi tuliwarudisha makwao. Alikuwa akilala kitandani kwa upande wa mlangoni apate upepo, nami nikahamishia meza yangu karibu naye, nikawa nachora huku namtazama. Asubuhi moja alinitazama muda mrefu nikimalizia shingo ya kanga.

"Mchore mama yako," akasema.

Nikamwuliza kama nimemsikia sawasawa.

"Uso wake umenitoka. Mikono naiona. Sauti naisikia, ananitania. Lakini uso nikiutafuta siupati. Wewe unao, ulikuwa ukimtazama sana. Mchore." Akakohoa, nikamshika mgongo, akaendelea. "Na usimkate."

Nilikasirika. Mungu anisamehe, nilikasirika kabla ya kumhurumia. Maisha yangu yote, baba! Kuku, paka, punda, na leo ndiyo unasema usimkate? Nikamwuliza, "Na siku ya kiama?"

"Nitasema mimi ndiye niliyekutuma."

Hasira ikaisha pale pale, ikaja furaha ambayo sikuitegemea. Hiki ndicho nilichokuwa nikikitaka tangu utoto, na kimekuja kwa kinywa chake mwenyewe. Nikatia wino. Nikamchora mama juu ya mbuzi yake, kanga imeshuka begani, nazi imefika nusu. Uso ulikuja wenyewe, sikuutafuta: paji la uso, pua, ule ulimi pembeni. Nilikuwa namtazama yeye, sitazami karatasi. Nikashuka kidevuni, nikashuka shingoni, nikamaliza, na mkono ukafanya ulivyozoea. Sikuutuma. Ulipita tu, upande huu mpaka huu.

Sote wawili tuliuona.

"Haidhuru," akasema baba. Alichukua karatasi, akalowesha kidole kwa mate, akaanza kuufuta mstari taratibu, kama alivyokuwa akifuta ubao wa mwanafunzi aliyekosea. Akafuta, akafuta. Wino wa Dar es Salaam ulikuwa umekwisha kushika.

"Nitachora mwingine, baba. Ngoja."

Nikaushika mkono wangu wa kulia kwa wa kushoto, kwenye kifundo, nikachora hivyo, naulinda kama mwizi. Shingo ikatoka safi. Lakini macho yangu yote yalikuwa kwenye mkono, hayakuwa kwa mama, na uso ukatoka wa mwanamke mwingine. Baba alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba.

"Huyu simjui," akasema, akanirudishia.

Nikataka kuanza tena, akanizuia. Akaiokota ile ya kwanza. Akaishika kwa chini, akaweka kidole gumba juu ya mstari, kikaufunika wote, na hapo akawa anamtazama mama kuanzia kidoleni kwenda juu. Alitazama sana. Halafu akacheka, kicheko kidogo cha kifua kibovu.

"Nazi hajaimaliza," akasema.

Alishinda nayo hivyo mpaka adhuhuri. Mkono ulipomchoka alinipa nimshikie, nami nikaweka kidole changu mahali pale pale pa chake.