Kesi ya Mkono wa Msusi

Dada yangu mkubwa ni msusi, na wateja walimbandika jina la Upepo kwa ajili ya vidole vyake. Ulikuwa unakaa kwenye kiti chake kichwa kimetimka kama kichaka, na kabla hujamaliza kumsengenya wifi yako, umeshasukwa. Saluni yenyewe ni chumba kimoja chenye vioo ukutani na sinki linalovuja. Maji ya sinki hilo ndiyo yaliyomwangusha. Aliteleza, akaangukia mkono wa kulia, nami niliyekuwa naosha nywele za mteja nikasikia mfupa ukisema ka!

Tukamkimbiza hospitali binafsi ya mtaa wa pili, yenye vigae vinavyong'aa na maua ya plastiki mapokezi. Daktari wa mifupa, kijana mtanashati, aliitazama picha ya eksirei mara moja, akamfunga plasta ngumu kuanzia kwenye vifundo vya vidole hadi juu ya kiwiko, simu ameibana begani muda wote. Alikuwa anaongea na mtu habari za kununua gari. Dada mwenyewe, daktari hakumtazama usoni hata kidogo.

Asubuhi vidole vilikuwa vimevimba, vimekuwa vya zambarau. Tukarudi. Muuguzi wa zamu alivigusa, nikamwona anabadilika uso. Akatoka mbio kumwita daktari, naye akaja anatafuna keki, akasimama mlangoni.

"Mama, mfupa ukivunjika unauma. Ulitaka ukuchekeshe?"

"Daktari, vidole sivisikii kabisa. Hii plasta inanibana."

"Kubana ndiyo kazi yake. Kameze dawa za maumivu, na upunguze kudeka."

Akalamba krimu kwenye kidole gumba, akageuka, akaenda zake. Mpaka leo nikiona mtu analamba kidole, nageuza uso.

Wiki haikwisha, harufu ikaanza. Mwanzoni shemeji, mume wa dada, alidhani panya amefia uvunguni, akasogeza kitanda na kufagia kila pembe. Haikuwa panya. Tulimpeleka hospitali ya serikali, wakaichana ile plasta, na mtu aliyekuwa kitanda cha jirani akafunika pua kwa shuka. Chini yake ngozi ilikuwa nyeusi, inateleza, nyama imekufa ikiwa bado imeshikana na mtu aliye hai. Walimkata vidole viwili. Vilivyobaki vilijikunja vikakauka kama makucha.

Mama mkwe wake alisema, "Mwanangu, mwachie Mungu. Daktari hashtakiwi." Dada alikuwa anajaribu kufunga kifungo cha gauni kwa mkono wa kushoto, na kifungo kinamkimbia.

Kisha mkurugenzi wa ile hospitali binafsi akatuita. Alitukalisha kwenye sofa laini, akaagiza juisi, akatabasamu mpaka jino la mwisho. Hayo, alisema, ni matatizo ya kawaida ya matibabu. Wangemfanyia mazoezi ya mkono bure, mradi atie sahihi kwamba hatasema popote wala hatafungua kesi.

"Nikisaini," dada akauliza, "yule kijana ataendelea kufunga watu?"

"Ah, mama, hayo ni mambo yetu ya ndani."

Dada akairudisha juisi mezani bila kuionja. "Vigae vyenu visafi, lakini ninyi mnanuka." Tukatoka.

Wakili tuliyempata ni mwanamke wa makamo, ofisi yake iko juu ya duka la matairi, na hapambi maneno. "Una njia mbili," alimwambia dada, "na unaweza kuzipita zote. Kwanza, unalalamika kwenye baraza linalosimamia madaktari. Hao wanaweza kumwadhibu, lakini fidia hawakupi. Pili, tunafungua kesi ya uzembe mahakamani. Huko fidia ipo, ila lazima tuoneshe kwamba daktari makini asingefanya vile, na kwamba uzembe wake ndio uliokuumiza. Kwa hiyo tunahitaji daktari mwingine aje kusema. Na usikae sana. Sheria ina muda wake, ukipita umekwisha."

Kumpata huyo daktari mwingine ndiko kulikonionesha uozo. Mmoja alitazama picha za mkono, akafumba macho. "Hata mwanafunzi angeichana plasta hii," akasema. Tukashusha pumzi. Kisha akaongeza, "Lakini mimi siwezi kumchoma mwenzangu." Akatufungulia mlango kwa adabu, kama tulikuja kumuuzia sabuni. Mwishowe alikubali mzee mmoja, daktari mpasuaji aliyestaafu, ambaye hakuwa na wa kumwogopa.

Kesi iliahirishwa na kuahirishwa tena. Ilipoanza, daktari alisimama na suti yake akasema mgonjwa ndiye aliyejiharibu kwa kulowesha plasta, na kwamba hakurudi kulalamika. Nilimshika dada mkono wa kushoto, ule mzima, ili asisimame. Hospitali ikamleta yule muuguzi wa zamu kama shahidi wake. Tulijua tumekwisha, nani angemwaga unga wake mwenyewe?

Wakili wetu akamuuliza, "Huyu mama alirudi?"

Muuguzi akatazama chini. "Alirudi. Vidole vilikuwa vya baridi. Nilimwambia daktari aje aifungue."

"Akasemaje?"

"Alisema wanawake wa saluni wamezoea kudeka, na kwamba hataacha chai yake kwa ajili ya kucha za mtu. Nilipomsihi akaja, akaishia mlangoni."

Kuna mtu nyuma alisonya kwa sauti, na hakimu hakumkemea.

Tulishinda. Mahakama ikasema hospitali na daktari wote walizembea, wamlipe dada fidia. Baraza nalo likamsimamisha daktari kazi kwa muda. Kwenye korido mkurugenzi alikuja na tabasamu lake lilelile, akanyoosha mkono. "Tusiwekeane kinyongo, mama." Dada aliutazama ule mkono laini kama mtu anayetazama kitu kilichotapikwa, akapita pembeni.

Muuguzi alifukuzwa kazi. Siku hizi yuko zahanati ndogo, nasi tukiugua tunakwenda kwake.

Saluni haijafungwa. Dada anakaa kwenye kiti, anafundisha wasichana kwa mdomo, na mdomo wake una kasi kuliko vidole vya zamani. Juzi nilipita barabara kuu nikaliona bango la hospitali mpya, na juu yake uso wa yule kijana, meno nje, mikono amekunja kifuani. Adhabu yake imekwisha. Nilimpigia wakili, nikamuuliza kama wenye hospitali wanajua.

"Wanajua," akasema. "Waliniomba nakala ya hukumu kabla ya kumwajiri."

Nilikata simu nikatema mate pale pale, hadharani, na sikuona haya.