Mbao ya Bustani Si Kuni

Nakumbuka siku moja kuliko nyingi, mwanangu, siku niliyobomoa bustani ya mama mkwe wangu pale Somanda. Nilikuwa nimeolewa mwaka uleule, bado natafuta njia ya kupendwa.

Uwanja wa nyumba ile unateremka. Marehemu baba mkwe alikuwa ameuzuia udongo kwa mbao nene, kazilaza moja juu ya nyingine, na nyuma yake zikaota mboga na maua. Nilipofika mimi mbao zilikuwa zimeinama, nyingine zimepasuka, misumari nje. Basi Mayu, ndivyo sisi Wasukuma tunavyowaita mama zetu, akaenda msibani Kasoli siku tatu. Nikasema akirudi akute nimemfanyia wema. Nikazing'oa. Nilizoweza kupasua nikazichoma palepale uani, nikajiona mke hodari.

Majuto ni mjukuu. Ng'ombe hupenda kulamba majivu, kwa ile chumvichumvi yake. Ndama wetu jike, ambaye Mayu alimlea kwa chupa baada ya mama yake kufa, alikata kamba akayalamba. Kufika jioni anatokwa mate, miguu inatetemeka. Bwana mifugo alimtazama, kisha akayatazama majivu.

"Hapa mmechoma nini?"

Nikamwonyesha mbao zilizobaki. Akatikisa kichwa. Kulipokucha ndama alikuwa amekufa. Nyama hatukuigusa, tulimzika.

Mayu aliporudi nilipiga magoti mlangoni, nikamweleza yote. Akanishika mikono.

"Na wewe, moshi hukuvuta? Kifua hakiumi?"

"Nakohoa kidogo, Mayu. Nisamehe."

"Twende kwanza hospitali. Ndama tutamlilia tukirudi."

Na kweli tulimlilia. Ndipo akanionya, kwa sauti ya chini: "Mbao iliyokaa ardhini miaka yote ile bila kuliwa na mchwa, ungejiuliza mchwa aliogopa nini. Baba yenu aliitia dawa. Ungeniuliza tu, ningekwambia."

Tulizoa majivu tukiwa tumejifunga vitambaa puani na mifuko ya nailoni mikononi, tukayafunga kwenye magunia. Bwana afya akatuelekeza dampo, mkokoteni ukabeba magunia na mbao zilizobaki. Kwenye mteremko tukapanga mawe, mimi na Mayu, wiki nzima. Katika kazi ile ndipo alipoanza kuniita binti yake.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kuondoa mbao za zamani uani, kuuliza si ujinga. Muulize aliyeziweka, au aliyeishi nazo. Usizichome, usizipikie, wala usizifanye zizi. Vaa glavu, chunga misumari, na uzipeleke utakakoelekezwa na watu wa afya. Na wema unaogusa kitu cha mtu, mngoje mwenyewe arudi.

Mungu ailinde mikono yako na pumzi yako, na akujalie wazee wa kukushika mkono kabla ya kukukemea.