Dorota Katika Gauni la Klara

Shangazi yangu Dorota Mazurek alikuwa akishona kola katika kiwanda cha mashati, kwenye mji wetu wa makaa ya mawe huko Pennsylvania. Jumapili aliimba kwaya kanisani. Hakuwa na sauti ya kumfanya mtu ageuke. Yake ilikuwa sauti ya kati, ile inayowashika wenzake wasipotee. Kwa sababu ya sauti hiyo, akiwa na miaka ishirini, alipewa jina la marehemu.

Siku hizo kila redio ilikuwa na waimbaji wake watatu, na sisi tulikuwa na akina Sobczak: Wanda, Irena na Klara, ndugu wa tumbo moja. Agosti 1952 Klara alishikwa na polio. Siku ya tano akafa. Wakala wao, Bwana Hruska, alikuwa ameshatia saini mikataba ya majira yote ya baridi, redioni na kwenye mechi za mpira wa kikapu za chuo kilichokuwa ng'ambo ya mto. Akasema watu wanataka dada watatu, si wawili na pengo. Wanda akamfuata shangazi kiwandani, akamwomba ashike nafasi ya Klara. Mama yao ndiye aliyempunguzia nguo za Klara, amepiga magoti, pini mdomoni.

Mjini kwetu kila mtu alijua, na kila mtu alinyamaza. Nje ya mji shangazi alikuwa Klara. Alitia saini picha kwa jina hilo. Aliniambia mwanzoni aliliandika herufi moja moja, kisha mkono ukazoea, na huko kuzoea ndiko kulikomtisha.

Januari 1954 waliimba chuoni wakati wa mapumziko ya mechi. Walipomaliza, mwanamume mrefu, mwembamba kupita kiasi, alikuja nyuma ya jukwaa akichechemea. Irena alimtambua: Emil Farkas. Kabla ya vita vya Korea alikuwa mmoja wa wachezaji watatu wa chuo hicho ambao magazeti yaliwaandika pamoja kila mara, kana kwamba ni mtu mmoja. Wenzake wawili hawakurudi. Yeye alikuwa mateka karibu miaka mitatu, kisha akalazwa hospitalini. Kumbe alikuwa akiandikiana na Klara kwa siri. Jioni ile aliona tangazo mlangoni, lenye picha ya zamani ya Klara na dada zake.

Emil hakuwaangalia Wanda na Irena. Alimwangalia shangazi, kisha gauni.

"Dada, Klara yuko wapi?"

Hruska akaanza kusema jambo kuhusu muda. Wanda akainamisha kichwa. Shangazi akaona hakuna mwingine wa kujibu.

"Amefariki, kaka. Mwaka juzi, mwezi wa nane. Polio."

"Na wewe ni nani?"

"Dorota Mazurek. Nashona kola."

Emil akakaa juu ya kreti ya soda. Huko ndani mechi ilikuwa imeanza tena, na umati ulikuwa ukipiga kelele.

"Nilisikia sauti si yake," akasema baadaye. "Nikajiambia labda masikio yangu ndiyo yameharibika kule."

Shangazi akamwambia Wanda kwamba harudi tena jukwaani kwa jina la Klara. Hruska akaonya kuwa wakifanya hivyo mkataba umekufa.

"Basi na ufe," Wanda akasema. "Sisi tumeshazika mtu."

Mechi ilipokwisha, Wanda alishika maikrofoni akawaeleza watu ukweli, kisha wakaimba wimbo mmoja. Wengine walipiga makofi. Wengine walivaa makoti wakatoka. Redio iliwaacha wiki hiyohiyo.

Jumapili Emil alikwenda kwa mama Sobczak. Mama alimpakulia pierogi, vifuko vya unga vyenye viazi ndani, akasubiri mpaka amalize.

"Alikuwa akikuandikia nini, mwanangu?"

Barua zilikuwa zimechukuliwa kambini, lakini Emil alizikumbuka, akazisema moja baada ya nyingine mpaka jua likashuka. Shangazi alikuwa jikoni akiosha vyombo. Huko ndiko alikosikia kwamba Klara alitapika kabla ya kila onyesho, na kwamba alitamani kuacha kuimba asomee uuguzi. Alikuwa amevaa nguo za msichana yule mwaka na zaidi, bila kujua lolote juu yake.

Emil alihamia Ohio, akafundisha michezo shuleni, akaoa huko. Mji mzima ulikuwa umengoja amwoe shangazi. Shangazi mwenyewe, nilipomuuliza, alisema hakuwahi kungoja.