Mbuzi ya Bila Kichwa

Siku hizi kuchinja kunanichokesha. Lakini nyama ya lupango yangu, ya hapa nyumbani, nimeichinja mimi mwenyewe tangu zamani. Kelasi sikuiona sana, jina yangu naiandika polepole, lakini kisu nilikijua kupita bantu benye kuvaa miwani. Nilianza kwa kufagia damu mu magazini, duka ya nyama ya muzungu moja, hapa Élisabethville. Nikatoka pale na ufundi, nikapata lupango, nikafuga mbuzi nyuma ya nyumba. Nyama ya mifupa tupu ya soko, mimi sikuikula tena.

Bibi yangu, mwenye nilioa, njo alichoka wa kwanza. Mwanaume anachinja, sawa, lakini maji nani anachota ku bomba? Matumbo nani anaosha? Siku moja akaniuliza:

“Weye ulioa bibi, ao ulioa muntu wa kuosha mavi ya mbuzi?”

Nikacheka. Akafunga nguo zake mu kitambaa, akarudi kwa baba yake, ngambo ya reli.

Kwetu, bibi akikimbia, unamufuata na mbuzi. Bakwe banakula, anarudi. Nikasema nitapeleka yenye haijaonekana. Nikachinja dume, nikaikata sawa bazungu banapenda: paja huku, mbavu huku, hakuna mufupa ulivunjika ovyo. Kichwa, miguu na ngozi nikapatia jirani mwenye alinisaidia kushika. Vitu vya namna ile unapelekea bakwe? Nyama nikaifunga mu kitambaa cheupe, nikaipandisha ku kinga, nikakanyaga pedali.

Baba mukwe akafungua, akaangalia. Hakugusa.

“Mukwe, hii ni nini?”

“Mbuzi, Baba.”

“Kichwa iko wapi?”

“Nilipatia jirani.”

Shangazi ya bibi yangu, mwenye alikuwa anakaa ku mulango, akapiga makofi. “Yo! Njo maana hatukusikia mee!”

Lupango yote ikacheka.

“Baba, angalia kukata kwenyewe,” nikasema. “Mu muji huu hakuna muntu anakata hivi.”

“Naona. Umekata sawa muntu wa kuuzisha. Hata imbwa, ukiikata hivi, itakuwa nyama tu. Mimi mutoto sikukuuzishia.”

Bibi yangu alikuwa nyuma ya pazia. Hakutoka.

Nikarudi na nyama yangu. Kwa jirani, kichwa kilikuwa kinachemka na vitunguu. Mu zizi ilibakia mama ya mbuzi, ile ya maziwa. Nikaifunga kamba, nikaenda nayo kwa miguu, inavuta huku, mimi navuta huku, mpaka ngambo ya reli. Nikaichinja mbele ya macho yao, baba mukwe mwenyewe ameshika pembe. Kichwa nikakiweka mbele yake mu sahani. Akaitika kidogo.

Pale bibi yangu akatoka na beseni. Akaiweka mbele ya miguu yangu.

“Matumbo, leo utaosha weye.”

Kuosha matumbo kwa bakwe! Shangazi hata kucheka alisahau. Nikaangalia baba mukwe. Yeye anaangalia kichwa cha mbuzi. Nikainama, nikaosha. Jua likishuka, bibi yangu akachukua kitambaa yake ya nguo, tukarudi nyumbani.

Mpaka leo matumbo ni kazi yangu, na maji ya bomba pia. Mugongo unauma. Lakini uliza majirani: matumbo yenye kuwa meupe sawa yangu, hawajayaona kwa muntu mwingine.