Ndimu za Kunawia

Kila jioni, kabla ya kufika nyumbani Kiseke, nilipita gengeni kununua ndimu. Mke wangu alikuwa akikata minofu ya sangara kiwandani, na harufu ile haitoki kwa sabuni. Alisugua ndimu mpaka viwikoni, ndipo akambeba mtoto. Minofu hiyohiyo niliibeba mimi, ikiwa kwenye kontena la baridi, kutoka kiwandani hadi yadi ya makontena. Safari yenyewe ilikuwa fupi, hata chai haipoi.

Siku hiyo foleni ilisimama kwenye geti la yadi. Mtandao ulikuwa umekatika, na kontena lisiloingizwa kwenye kompyuta halipiti. Nilikuwa katikati, lori mbele, lori nyuma, jua la mchana juu. Ndipo jenereta inayopoza kontena ikakohoa, ikazima. Nikahangaika nayo mpaka betri ikafa. Fundi akasema yuko Nyamagana, anakuja. Maneno ya mafundi tunayajua.

Kugeuza siwezi, kufungua siwezi, maana lakiri ya forodha haikatwi na dereva. Kupitia uzio niliziona soketi za umeme ambako kontena langu lilitakiwa kuchomekwa. Nilishikwa na hasira, nikakosa wa kumkasirikia. Nikamwamkia mlinzi, mzee wa makamo, nikamwomba aniruhusu nipitishe waya tu.

“Mwanangu, ningekuwa na uwezo ningefungua,” alisema. “Na mimi nasubiri kama wewe.”

Alinihurumia kweli, na huruma yake haikunisaidia kitu.

Mke wangu akapiga simu. Mnunuzi wa minofu alishalalamika mara nyingi, na msimamizi wa kiwanda alikuwa amewatangazia kwamba mzigo huu ukiharibika, meza yao ya kukatia inafungwa na wote wanaachishwa kazi. Aliniuliza kama nimeshaingia yadi. Nikamwambia bado kidogo.

Fundi alikuja jioni, akakosa spea. Nililala kwenye lori. Asubuhi maji yalikuwa yakidondoka kwenye pembe ya mlango wa kontena, tone moja moja, na mimi nimesimama nayatazama. Mtandao uliporudi, jua lilikuwa kali tena. Wakaguzi walikata lakiri, wakafungua, wakafunga. Samaki wale walikwenda kufukiwa.

Meza ikafungwa wiki hiyohiyo. Jioni nilipita gengeni kama kawaida, nikanunua ndimu bila kufikiri. Mke wangu alizipokea huku amembeba mtoto.

“Za nini sasa?” aliuliza, bila ubaya wowote.

Mikono yake ilikuwa inanukia sabuni tu.